Mayowe ya Kiboko

Vipindi ishirini na tano vya Kiboko wa Mabomba vilifika makao makuu ya stesheni bila yowe hata moja. Kiboko anateleza kwenye ngazi, kimya. Bomba linampasukia usoni, kimya. Anaporomoka kutoka ghorofa ya nne na spana mkononi, mdomo wazi kama pango, na hakuna kinachosikika isipokuwa muziki na maji. Barua ilisema mayowe yote yafike Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa tisa na robo alasiri, na mtu pekee aliyeweza kuyapiga alikuwa amekatazwa na daktari hata kunong'ona.

Fundi wa sauti aliisoma barua ile mara mbili akiwa amesimama. Mara ya tatu akakaa.

Stesheni ilikuwa ya katuni za zamani tu, zile za wakati babu zetu wanavaa kaptula. Ilikuwa na matoleo ya lugha kumi na nne. Picha ni moja, inarushwa nchi zote kwa pamoja, kila lugha na sauti yake chini ya picha. Toleo la Kiswahili lilikuwa la kumi na tano, na lingefunguliwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Kiboko ndiye angefungua mlango.

Kazi ya kumpa Kiboko Kiswahili ilifanyika kwenye vyumba vitatu juu ya duka la magodoro. Lilikuwa jirani mwema kwa studio, kwa sababu magodoro yenye kasoro yalipanda ngazi badala ya kutupwa, na kibanda cha kurekodia kilizibwa kwa magodoro hayo toka sakafuni hadi darini. Waigizaji walisema ndani yake. Fundi aliwasikiliza kutoka upande wa pili wa kioo, akasafisha sauti, akazituma kavu kama zilivyo. Kuzichanganya na muziki ilikuwa kazi ya makao makuu.

Na hapo ndipo kosa lilipojificha. Katuni za siku hizi huja na mkanda wa pili, wenye muziki na vishindo, na mayowe humo yamo tayari, ya mwigizaji wa kwanza kabisa. Mtu akianguka hana haja ya kutafsiriwa. Kwa miaka tisa Fundi alikuwa akiwaambia waigizaji wake neno lile lile, "Ruka yowe, lipo chini," kisha anaweka alama ya mkasi kwa penseli pembeni ya skripti. Kiboko alipokuja, Fundi alisikiliza mkanda wa pili wa kipindi cha kwanza. Mayowe yalikuwemo. Akaridhika. Hakusikiliza wa kipindi cha pili, wala wa tatu, wala mwingine wowote. Kumbe mkanda wa kipindi cha kwanza ndio uliosalia peke yake. Mingine iliungua zamani, muziki ukapigwa upya na watu wapya, na watu wapya hawakumpigia mtu yowe.

Alikusanya skripti zote ishirini na tano akahesabu mikasi. Ilikuwa mia tatu arobaini na moja.

Mwenye studio, mama mmoja mfupi ambaye kila mtu alimwita Madam, aliingia na barua ile ile kwenye simu yake.

"Nani alisema mayowe yarukwe?"

"Utaratibu ndivyo ulivyo siku zote, Madam. Mayowe hukaa kwao."

Hilo halikuwa jibu, ila halikuwa uongo pia. Madam alimtazama kidogo, akaliacha lipite.

"Wameandika tukikosa, toleo linakwenda kwa studio nyingine. Na waigizaji wapya. Basi ingia kibandani upige wewe."

Fundi akaingia. Akapiga mayowe manne. Madam alisikiliza yote, mikono kiunoni.

"Huyo siyo kiboko," akasema. "Huyo ni karani aliyekalia pini."

Wakaomba mayowe ya toleo la Kireno. Yakaja baada ya nusu saa. Kiboko wa Kireno alikuwa na koo zuri, lakini kila akianguka alimwita mama yake kwa Kireno, na katikati ya kumwita alimtaja mtakatifu.

"Haiwezekani mtu aongee Kiswahili juu ya ngazi, akaanguke Kireno," Madam akasema. "Nenda kwa shemeji yako."

Fundi akaenda.

Shemeji yake, mume wa dada yake, aliitwa Honi. Jina alilipata kwenye redio, ambako ametangaza mpira kwa miaka kumi na saba. Wakati wa goli watu walizima redio zao wakaendelea kumsikia kwa jirani. Fundi ndiye aliyemleta kwenye katuni, na Kiboko alipotua kooni kwake, ikawa kana kwamba mnyama yule alichorwa miaka themanini nyuma akimsubiri yeye. Lakini kuelekea vipindi vya mwisho sauti ilianza kukwaruza. Honi alimaliza maneno yote, kisha akaenda hospitali. Daktari aliingiza kamera nyembamba kooni akamwonyesha kinundu kwenye uzi mmoja wa sauti. Dawa yake ilikuwa wiki sita za ukimya mtupu. Ukikaa kimya kitanywea, daktari alisema. Ukipiga kelele kitapasuka, na hapo siwezi kukuahidi kitu.

Alimkuta Honi mezani, daftari la shule mbele yake na penseli nyuma ya sikio. Dada alikuwa kwenye cherehani, anashona mashati ya wanafunzi.

"Umekuja kumjulia hali au umekuja kikazi?" Dada akauliza bila kuinua macho.

"Vyote viwili, Dada."

"Kimoja kimekutangulia mlangoni. Nakiona."

Fundi akaeleza. Alieleza kuhusu barua, Ijumaa, ile studio nyingine. Alipofika kwenye sababu, alilitazama gurudumu la cherehani.

"Makao makuu wamebadilisha utaratibu. Sasa mayowe wanayataka kwetu."

Cherehani ikanyamaza.

"Daktari alisema wiki sita," Dada akasema. "Leo ni wiki tatu na siku mbili. Ligi inaanza mwezi ujao. Mdogo wangu, unajua anachokula huyu mtu ni koo lake?"

"Najua."

"Unajua, halafu umepanda ngazi zangu."

Honi hakuwa akimtazama mkewe. Alikuwa akimtazama Fundi, kwa utulivu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Fundi hakumalizia. Honi akavuta daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akaligeuza.

MANGAPI?

"Mia na kitu," Fundi akasema.

Karatasi yenye hesabu ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

Honi akaandika tena. WAKIPEWA STUDIO NYINGINE NANI ANAKUWA KIBOKO?

"Mtu mwingine."

Dada alimwita Honi kwa jina lake la nyumbani, taratibu, mara mbili, na Honi wala hakugeuka. Kisha akaandika: KESHO SAA NGAPI?

*

Alhamisi walianza saa mbili asubuhi. Fundi aliyapanga mayowe kama mganga anavyopanga dawa kali, madogo kwanza. Chafya, miguno, nyundo juu ya kidole. Yale ya kuanguka mbali aliyaweka mwisho wa kesho yake. Kibandani aliweka chupa ya maji ya vuguvugu na kigoda, ingawa alijua Honi hatakalia kigoda. Mtu hapigi yowe zuri akiwa ameketi.

Honi alisimama katikati ya magodoro, akaangalia picha kwenye skrini ndogo, akainua kidole kuonyesha yuko tayari. Yowe la kwanza lilikuwa la mlango uliombana mkia Kiboko. Baada ya wiki tatu za ukimya lilitoka safi, nene, limejaa mshangao wa mnyama mkubwa asiyeamini kwamba amefanyiwa hivi tena. Nyuma ya Fundi, Madam alicheka peke yake. Fundi naye akajikuta anacheka, kisha akakumbuka.

"Moja," akasema kwenye kipaza sauti. "Linalofuata ni bomba la moto."

Kufika saa sita walikuwa na mia moja na nne. Hapo Honi akatoka, akamsogelea Fundi na daftari. MIA NA KITU. HICHO KITU NI KIASI GANI?

Fundi akatoa karatasi mfukoni akaifungua juu ya meza ya sauti. Honi akaisoma. Aliikunja vizuri, akamrudishia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, akampigapiga pale juu ya mfuko mara mbili. Halafu akarudi kibandani.

Alasiri sauti ilianza kupata kingo. Fundi aliliona hilo kwenye kompyuta kabla ya kulisikia: mstari wa sauti ulikuwa na meno madogo pembeni, kama msumeno. Alipunguza marudio. Yowe ambalo siku nyingine angerudisha mara tatu, sasa alilichukua la kwanza. Kwenye la mia moja na tisini Honi alitema mate kwenye karatasi laini, akaitazama, akaitumbukiza mfukoni haraka. Fundi aliona rangi. Alikuwa na nafasi ya kusema inatosha. Akasema, "Linalofuata ni ngazi, anateleza vidato sita."

Siku ilipoisha walikuwa na mia mbili na kumi na mbili.

*

Ijumaa Dada alikuja pamoja na Honi. Alifunga duka lake dogo la ushonaji, akaketi kwenye kiti cha Madam, mkoba mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwomba ahame. Alikuwa hajawahi kuona kazi hii. Kila Honi alipopiga yowe, mabega ya Dada yalipanda.

"Hivi mnacheka nini?" aliuliza mara moja. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Kufika saa saba mchana yalibaki tisa. Sauti ya Honi sasa ilikuwa na vyumba viwili, cha juu kinafunguka, cha chini kimekwama. Ilibidi Fundi amwambie avute pumzi kutoka tumboni, amwambie apumzike dakika tano, kisha atazame saa na kumwambia dakika tatu zinatosha. Honi alipotoka kunywa maji, karatasi laini ilimwanguka. Dada akaiokota kabla Fundi hajainama.

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuitazama damu.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Hili kosa ni la nani? Maana kuna mtu alikosea. Vipindi ishirini na tano havipotezi sauti vyenyewe kama funguo."

Madam alimtazama Fundi. Lakini Dada hakuwa akimuuliza yeye. Alimuuliza mumewe. Honi akachukua penseli sikioni, akaandika bila kusita, akamwonyesha.

MAKAO MAKUU.

Wakati huo huo Fundi alikumbuka. Alikumbuka kipindi cha pili, siku ya pili ya kazi, sauti ya Honi ikiwa bado mpya kwenye spika za masikioni: "Shemeji, hapa jamaa anaanguka kisimani. Nisipige yowe?" Na yeye akajibu, akichora mkasi: "Ruka, lipo chini. Usijichoshe bure." Honi akauliza tena, "Una hakika?" Na yeye akasema ana hakika.

Kwa hiyo Honi alijua. Alijua tangu Jumatano pale mezani, wakati Fundi anahutubia gurudumu la cherehani. Alimsubiri aseme, hakusema, na akaja hivyo hivyo.

Mayowe manane yalichukua saa mbili na robo. Likabaki moja.

Lilikuwa la kipindi cha ishirini na sita, la mwisho kabisa. Kiboko amepanda juu ya tangi la maji la mji mzima kuziba tundu moja dogo, anaziba, anafurahi, anarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake. Anaanguka sekunde kumi na tisa. Mchoraji wa zamani yule hakuwa na haraka: Kiboko anapita mawingu, anapita ndege, anapita dirisha la korongo anayekunywa chai, na mdomo wake hauna hata nafasi moja ya kuvuta pumzi.

Saa ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano. Fundi alizima kipaza sauti chake, akainuka, akaingia kibandani mwenyewe. Humo ndani maneno hufa hapo hapo midomoni, magodoro yanayameza.

"Shemeji, hili tuliache," akasema. "Kosa ni langu, na wewe unajua ni langu. Nitamwambia Madam, nitawaandikia makao makuu. Aanguke kimya hilo moja. Muziki utambeba."

Honi alikuwa jasho tupu. Aliegemea godoro, akaandika kwa shida.

MTOTO AKIONA MTU ANAANGUKA KIMYA ANAJUA AMEKUFA.

Chini yake akaongeza: TOKA NJE.

Fundi akatoka. Alipopita karibu na kiti cha Dada hakuweza kumtazama. Akaketi, akaweka mkono kwenye kitufe. Upande wa pili wa kioo kidole kikapanda.

Akabonyeza.

Sekunde tano za kwanza lilikuwa yowe la Kiboko mwenyewe, pana, lenye kicheko chake cha woga ndani yake. Kwenye ya nane meno ya msumeno yakajaa mstari mzima. Honi alikunja magoti kidogo, akashika ukingo wa meza ya skripti, akaendelea. Kwenye ya kumi na mbili sauti iligawanyika, zikasikika mbili, moja juu ya nyingine. Dada alisimama. Kwenye ya kumi na tano kilichobaki kilikuwa uzi. Uzi ule ukaendelea, kumi na sita, kumi na saba, na hapo ukakatika.

Honi alibaki na mdomo wazi mpaka picha ilipofika chini. Alikuwa bado anasukuma, mishipa ya shingo imesimama, na kwenye spika hapakuwa na kitu.

"Rudisha nyuma," Madam akasema kwa sauti ya chini. "Pale mwisho weka la kisima."

Fundi alikata sekunde mbili kutoka yowe la kisima, akaziunga. Kiungo hakikusikika. Yalikuwa maungio mazuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Faili likaanza kupanda saa kumi kasoro dakika kumi na tatu. Mstari wa bluu ulifika nusu, ukasimama, watu wanne wakauangalia, ukaondoka tena. Kasoro dakika nne jibu likaja: limepokelewa, asanteni.

Kwenye ngazi, mbele ya duka la magodoro, Fundi alimwambia Dada yote, kuhusu mkasi, kipindi cha pili, na mia na kitu. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akashika mkono wa mumewe, wakavuka barabara.

Jumamosi saa mbili asubuhi toleo la kumi na tano lilifunguliwa. Fundi aliangalia kwa jirani, ambaye ana watoto watatu. Kiboko alipoanguka kisimani, watoto walianguka naye kwenye zulia wakicheka, wakataka tena.

Gharama yake ni hii. Mayowe mia tatu arobaini na moja yalitakiwa, na yalipatikana yote, moja likiwa na kiraka cha sekunde mbili. Wiki tatu na siku mbili za ukimya zilipotea. Kinundu kilipasuka na uzi wa kushoto ukachanika. Upasuaji ulikuwa wa mara mbili. Sauti iliyobaki inavuka meza moja, haivuki chumba. Mechi thelathini na nne za msimu zimetangazwa na mtu mwingine, na Honi hukaa pembeni yake akimwandikia majina na dakika kwenye daftari. Madaftari yamefika kumi na moja. Dada hajamwita Fundi mdogo wangu kwa miezi minane. Makao makuu wameagiza vipindi vingine ishirini na sita, na Kiboko wa humo ana koo la mtu mwingine.